Matanga Niliyolala Gesti

Kama umeambiwa na daktari kwamba ukilala koo lako linajifunga, pumzi inakatika, na moyo wako umeanza kuumia kwa sababu hiyo, haya nimeandika kwa ajili yako. Sitakufundisha ugonjwa. Wenye kazi hiyo wapo, na mimi ni fundi cherehani wa Kasulu. Nitakueleza jambo ambalo mimi hakuna aliyenieleza siku naletewa mashine ya kulalia: kwamba itafika siku utatakiwa kuchagua kati ya moyo wako na misiba ya watu. Mimi nilichagua moyo. Ninao, unadunda, na sitakudanganya kwamba nina furaha nao.

Nianze na kukoroma, maana ndiko kulikonitia aibu kabla ya kuniumiza. Mwanaume akikoroma huku kwetu, watu watasema baba kachoka, mwacheni alale. Mwanamke akikoroma wanaangaliana. Mimi nilianza baada ya uzazi wa mwisho, na nilivyozidi kunenepa ndivyo sauti ilivyozidi kukua. Mume wangu, Baba Yusto, alikuwa akiwaambia wageni kwamba panya wote wa darini kwetu wamehamia kwa majirani. Alikuwa mnunuzi wa maharage, mtu wa kuzunguka magulioni, na utani ndiyo ilikuwa njia yake ya kupita mahali palipo pagumu. Nilicheka nao, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Mchana sikuwa mtu. Nilisinzia kanisani, nilisinzia kwenye gari, nilisinzia mteja akiwa amesimama mbele yangu nampima mabega. Siku moja nilikuwa nashona sare za kwaya, mguu ukiwa kwenye pedali, nikaamshwa na sindano. Ilikuwa imepita katikati ya ukucha na kutokea upande wa pili, na kitambaa cheupe kikaharibika chote. Wanakwaya walinihurumia kidole. Hakuna aliyeuliza imekuwaje fundi wa miaka yote hiyo ajishone mwenyewe.

Baadaye miguu ikaanza kuvimba. Viatu vilinibana jioni, na nikibonyeza kifundo kwa kidole, shimo lilibaki pale linaniangalia. Kila asubuhi niliamka kichwa kinagonga. Kupanda kutoka sokoni hadi nyumbani nilikuwa nasimama njiani na kujifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Jirani yangu Mama Shukuru, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi na ambaye huongoza kikundi chetu cha kina mama cha kuzikana, aliwahi kunisikia nikikurupuka usingizini tulipokuwa safarini kwenye kongamano. Akaniambia lile ni jinamizi.

"Linakukaba, Mama Yusto. Nimesikia kwa masikio yangu. Linakukaba, linakuachia, linakukaba tena."

Wakaja wakaniombea, wakanishika koo na kulikemea jinamizi kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Siwacheki. Katika watu wote, wao ndio waliokuwa wa kwanza kuona kwamba nakabwa, wakakosea tu anayenikaba.

Hospitalini niliambiwa presha. Nikapewa kidonge, kikaongezwa cha pili, kikaongezwa cha tatu, na presha ikabaki palepale juu inanitazama. Mvua za vuli zilinikuta kwenye benchi la kliniki, za masika zikanikuta benchi lilelile. Ukikaa sana kwenye benchi la namna hiyo unajua watu kwa chupa zao za chai. Unajua yupi hatakuja mwezi ujao, na mwezi ujao ukifika unatazama pale alipokuwa anakaa, unasogea, unajaza nafasi. Nilisogea mara nyingi hadi nikaanza kuhesabu nani atasogea nikiondoka mimi.

Ndipo tukapewa barua ya kwenda hospitali ya rufaa, mbali na kwetu. Huko wakanipaka kifuani uji wa baridi na kupiga picha ya moyo. Daktari alikuwa kijana, mpole, macho hayabanduki kwenye kioo. Alipoongea alisema moyo umetanuka, umechoka kusukuma damu. Kisha akamgeukia Baba Yusto.

"Mzee, mama usiku analala vipi?"

"Vizuri sana, daktari. Majirani ni mashahidi."

Daktari hakucheka. "Kuna wakati anakoroma halafu kinakuwa kimya?"

Baba Yusto akaitazama kofia yake mikononi. "Kipo kimya."

"Kirefu?"

"Kirefu. Huwa namgusa mguu. Ndiyo anashtuka na kuvuta pumzi."

"Tangu lini?"

"Tangu Yusto yuko shule ya msingi."

Yusto ni mwanetu wa kwanza, wakati huo alikuwa mtu mzima anafanya kazi Dar es Salaam. Nilimgeukia mume wangu palepale, mbele ya daktari, nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Ningekwambiaje?" akasema. "Kwamba kila usiku nakuzika na kukufukua?"

Nililazwa nikafungwa mikanda na nyaya kifuani na kwenye kidole, nikaambiwa nilale kama kawaida yangu, jambo ambalo si rahisi ukiwa umefungwa kama mzigo wa kabichi. Asubuhi daktari alieleza kwa maneno machache. Nikilala koo linalegea na kuziba. Hewa haiingii, moyo unashtuka, presha inapanda, naamka kidogo bila kujua, halafu yanaanza upya, usiku kucha, miaka yote. Dawa ilikuwa kuvaa mashine inayosukuma upepo ili koo lisizibe. Nikauliza nitavaa hadi lini. Akasema, "Mama, ni kama miwani. Ukivua, huoni."

Mashine aliitafuta Yusto, ikapatikana iliyokwisha kutumika, ukubwa wa redio ndogo, na barakoa ya mpira inayofungwa kichwani kwa mikanda, na bomba refu. Sitaupamba mwezi wa kwanza. Upepo ulinijaa tumboni nikaamka nimevimba. Mdomo ulikauka hadi ulimi ukagandia juu. Mikanda iliniachia michirizi mashavuni, wateja wakawa wananiuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Baba Yusto aliipa mashine jina la mume mwenza. "Leo nani ana zamu?" angeuliza akivua viatu. Usiku mmoja niliivua nikaitupa chini ya kitanda, nikamwambia heri nife kimyakimya kuliko kulala na ndoo usoni. Akainama, akaitoa, akaifuta vumbi kwa shuka, akanishikia hadi nikaivaa tena.

Halafu asubuhi moja niliamka kichwa hakiumi. Nilikaa kitandani nikikingoja kianze, hakikuanza. Nilienda kwenye cherehani nikashona gauni zima, na pindo lake, bila kusinzia. Wiki zilivyopita nikaweza kupanda kutoka sokoni bila kutafuta chochote kwenye mkoba. Presha ilishuka, siyo sana, lakini kidonge kimoja kikaondolewa. Nakwambia hili ili ujue kwamba mashine inafanya kazi. Hayo mengine nitakayosema yasikufanye uivue.

Nilirudi hospitali kubwa nikiwa nimevaa kitenge kipya, nikiamini moyo umerudi. Daktari akatazama picha.

"Haujarudi," akasema. "Umeacha kutanuka."

"Kwa hiyo mashine haijautibu."

"Haiutibu, mama. Inauondolea mzigo wa usiku. Ukiivaa usiku wote, kila usiku, na dawa, na kuacha chumvi, tunaupa nafasi. Ukiivaa leo ukaiacha kesho, sina cha kukuahidi. Na hata ukifanya yote, siwezi kukuahidi yote."

Nilimpenda kwa ukweli wake na nikamchukia kwa muda wa safari nzima ya kurudi.

Sasa nifike nilipokuwa nakwenda. Msiba huku kwetu si kuzika tu. Maiti akishazikwa, au hata hajazikwa, wanaume wanalala nje kwenye moto na wanawake wanalala ndani, chini, mikeka imebanana, hadi matanga yaanuliwe. Kula kwenye msiba si kitu. Kuchota maji na kupika ni vizuri. Lakini swali ambalo watu wataulizana baadaye ni moja: alilala? Aliyelala amekuzika. Asiyelala alipita tu kusalimia.

Shangazi yangu alipofariki Buhigwe nililala. Mashine niliiacha nyumbani, kwa sababu nilifikiri siku chache si neno, na kwa sababu niliona haya kuifungua mbele ya watu. Usiku wa kwanza nilikoroma hadi wanawake wakavuta mikeka yao upande wa pili wa chumba. Nilipoamka nilikuwa peke yangu katikati ya sakafu, na msichana mmoja alikuwa anaziba mdomo kwa kanga asicheke. Siku zilizobaki nililala nimekaa, mgongo ukutani, nikijifinya. Mboga zilikuwa na chumvi ya msibani, unaijua, na vidonge vyangu nilivimeza ovyoovyo. Nilirudi Kasulu miguu haiingii kwenye ndara. Siku ya pili nilikuwa hospitali, maji yamejaa kwenye mapafu, nakoholea kwenye beseni. Daktari wa Kasulu alikuwa muungwana, hakusema ni mashine pekee. Alisema ni vyote: chumvi, dawa, kukesha, na zile pumzi zilizokatika. Lakini Baba Yusto aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda alisikia moja tu.

"Hutalala tena bila kitu hicho," akaniambia. "Hata nikifa mimi."

Nikamwapia.

Kiangazi kilichofuata, vilima vikiwa vimechomwa moto na vumbi limejaa hadi kwenye uji, tukapigiwa simu kwamba mama yake amefariki. Nyumbani kwao ni kijijini, ukishapita Kibondo, njia ya kwenda Gwarama. Nguzo za umeme zimepita barabarani, lakini nyumba ya mama mkwe ilikuwa na taa ya sola na sehemu ya kuchajia simu, basi. Betri ya mashine yangu Yusto aliisaka akaambiwa ya aina ile ya zamani haipatikani. Nikapanga nguo, nikapanga mashine ndani ya mkoba wake, tukaondoka.

Mimi ndiye mkamwana mkubwa wa boma lile. Mwenye kujua, anajua maana yake. Nililia, nilichota maji, nilisonga ugali wa muhogo kwenye sufuria la watu wengi, niliosha. Jioni ilipoingia wanawake wakaanza kutandika mikeka, na wifi yangu Editha, mdogo wake Baba Yusto, akanionyesha nafasi yangu, karibu na kichwa cha marehemu.

Nikamvuta pembeni, nikafungua mkoba, nikamwonyesha. Nilieleza kadiri nilivyoweza. Editha alilishika bomba kwa vidole viwili.

"Mawe!" akaruka kwa Kiha. "Hii si ya watu walio kwenye mashine?"

"Ndiyo yenyewe, lakini..."

"Aliye kwenye mashine anakuwa amelala hospitali, wifi, ndugu wanaitwa kuaga. Wewe mchana kutwa umebeba ndoo."

Nilikuwa nimebeba, ni kweli. Nilibeba ndoo kwa sababu ya kile kile alichokuwa amekishika kwa vidole viwili. Mwaka mmoja nyuma nisingeweza hata kuinuka na sufuria. Angenikuta nimelala mkekani nahema, wangenihurumia wote, na kila kitu kingekuwa sawa.

Baba Yusto akaamua. Aliita bodaboda, akanipeleka mwenyewe hadi Kibondo mjini, kwenye nyumba ya wageni yenye umeme, akanichomekea mashine, akarudi kulala kwenye moto na wanaume. Yule dada wa mapokezi alinitazama, mwanamke mtu mzima, kanga ya msiba kiunoni, mkoba mkononi, mwanaume kamleta kaondoka.

"Unamsubiri mtu mwingine, mama?" akaniuliza kwa heshima kabisa.

Sikuwa na nguvu za kukasirika. Nikasema hapana, nalala tu.

Alfajiri nilirudi kijijini kabla moto wa chai haujawashwa, na tayari walikuwa wanajua. Neno lililokuwa limetembea halikuwa moyo, wala pumzi, wala mashine. Lilikuwa gesti. Mkamwana kalala gesti. Mama mkwe wake yuko ndani hajazikwa, yeye kalala gesti. Na wewe unajua kama mimi, gesti kwenye mdomo wa watu si mahali pa kulala. Nilisalimia mikekani kwa Kiha, "Mwakeye," na waliitikia kwa midomo iliyobana kama mfuko wa hela. Usiku wa pili nikaenda tena gesti. Na wa tatu. Kila asubuhi nilirudi nimelala vizuri, sura imenyooka, na michirizi mashavuni, na sijui kama kuna kitu kibaya zaidi ya kuonekana umelala vizuri katikati ya wafiwa waliokesha.

Siku ya kuanua matanga ndugu walikaa kikao. Shemeji yangu mmoja alimuuliza Baba Yusto mbele ya wote kama amerogwa na mke.

"Mke wangu ni mgonjwa wa moyo," akasema.

"Mgonjwa gani anasonga ugali wa watu mia?"

"Anaweza kwa sababu analala na mashine."

"Mama yetu amezikwa na majirani," akasema Editha. "Mkamwana wake alikuwa gesti."

Baba Yusto alifungua mdomo, na nikamwona anatafuta utani, haupo. Akakaa chini. Njia ya kurudi aliendelea kunibebea mkoba, lakini tangu siku hiyo hakuiita tena mume mwenza. Aliiita mashine, kama watu wengine.

Habari ilifika Kasulu kabla yetu, kwa magari yanayobeba maharage, nadhani kwenye maharage ya Baba Yusto mwenyewe. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningejua pa kushika. Mama Shukuru alikuja na ndizi, akakaa, akaniuliza hali, halafu akasema kikundi kimeona kwa sababu ya afya yangu niwe wa mchana.

"Wa mchana ndiyo nini?"

"Unakuja, unapika, unakula na sisi. Jioni unakwenda kupumzika. Hatukudai kulala, mama. Tumekuelewa."

Alisema kwa upole wa kweli. Nikawa wa mchana. Nilipika misiba ile kwa nguvu za watu wawili, nilishona vitambaa vya kufunga kichwani vya wafiwa bila kuulizwa, nilikuwa wa kwanza kufika. Jua likishuka walinikumbusha wenyewe: nenda, mama, usije ukachelewa mashine yako. Nikitoka mlangoni nilisikia sauti zinabadilika ndani, ule mnong'ono wa wanawake wanaojinyoosha chini pamoja, wanaanza kusimuliana habari za marehemu zisizosemwa mchana. Nililia barabarani mara nyingi. Nilifika nyumbani, nikachemsha maji ya kulainishia upepo wa mashine, nikavaa, nikalala. Moyo wangu ulipenda sana.

Ulipenda kweli. Picha iliyofuata, mvua zikiwa zimeanza, daktari alitabasamu kabla hajasema. Ulikuwa umepungua kidogo, unasukuma vizuri zaidi. Baba Yusto alininunulia soda pale nje, tukakaa kwenye ukingo wa maua ya hospitali, akasema, "Basi tumeshinda." Nilitaka kumuuliza tumemshinda nani. Nikanywa soda.

Aliondoka msimu wa maharage. Alikuwa gulioni, anapima mzigo, akashika kichwa, akakaa juu ya gunia, akasema kizunguzungu. Walipofika naye hospitali alikuwa ameshakata roho. Miaka yote ile tulikuwa tunapima moyo wa nyumba nzima, mmoja tu, wangu. Yeye hakuna aliyempima hata presha. Wewe unayesoma, kama una mtu anayekaa macho kwa ajili yako, mpeleke akapimwe wiki hii hii. Huo tu ndio ushauri wa kidaktari nitakaokupa.

Alizikwa Kasulu, kwenye shamba letu la migomba, kama alivyotaka. Mchana ule watu walijaa hadi barabarani. Kikundi kilikuja chote, sare, sufuria, kuni. Walinishika pande zote mbili kaburini. Walinilisha kwa mkono. Sijaona upungufu hata mmoja, na ndugu wa Kibondo waliletwa na gari zima.

Halafu jua likashuka. Nilikuwa nimekaa chini sebuleni, miguu nimeinyoosha, na nilianza kusikia vyombo vinapangwa. Mama Shukuru akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Sasa pumzika, mama. Sisi tutakuja asubuhi na mapema."

"Hamlali?"

Akatazama ukutani, kwenye soketi. "Tusije tukakanyaga waya wako usiku, ukakosa hewa, ikawa msiba mwingine. Wewe lala kwa nafasi."

Waliniaga mmojammoja, kila mmoja kwa kukumbatia. Wanawake wa Kibondo nao wakaenda kwa ndugu zao mjini. Nje wanaume walikuwa wamewasha moto kwa ajili ya mwenzao, walikuwa wengi, Yusto akiwa nao, nilisikia wanakohoa. Ndani mikeka ya kikundi ilikuwa imesimamishwa kwenye kona, imefungwa kamba, haijakunjuliwa. Sikuwahi kuiona nyumba ya mfiwa ina sakafu tupu kiasi kile. Hawakunilipizia kisasi. Nataka uelewe hilo, wala mimi siwezi kuwashtaki. Walinitendea kama nilivyokuwa: wa mchana.

Ndipo Editha akatoka chumba cha nyuma na mto chini ya kwapa. Tangu msiba wa mama yake tulikuwa hatujasemeshana zaidi ya shikamoo za kupitisha. Alikunjua mkeka mmoja, akautandika, akautandika wa pili pembeni yake.

"Wifi, asante," nikasema.

"Sijabaki kwa ajili yako," akasema. "Nyumba ya kaka yangu haiwezi kulala tupu."

Akajilaza, akaugeukia ukuta. Niliiogopa mashine kuliko usiku wa kwanza nilipoletewa. Nilikaa nayo mapajani, nikawaza kuiacha, nilale naye kama mtu, hata iwe mara ya mwisho, na nadhani usiku ule nilitaka iwe ya mwisho. Kisha nikakumbuka nilivyoapa, na aliyeniapisha yuko udongoni. Nikaivaa nikilia, na kulia ndani ya kitu kile hakufai, machozi yanapulizwa yanarudi machoni.

Asubuhi nilimkuta amekaa, macho mekundu.

"Hukukoroma," akasema.

"Ndiyo kazi yake."

"Nilidhani umekufa. Niliamka, nikakuwekea kiganja hapa, upepo unapotokea." Akajigusa puani. "Nikalala. Nikaamka tena nikaweka. Usiku mzima, wifi. Sikupata hata nafasi ya kumlilia kaka."

Nikainuka nikawasha moto wa chai, na yeye akaja akanisaidia kupuliza.

Alilala hadi matanga yakaanuliwa, yeye peke yake, kwenye mikeka miwili. Hakuniuliza kitu kuhusu mashine, ila siku ya mwisho alinishikia bomba nilipokuwa nalisuuza. Nilimsindikiza stendi. Gari la Kibondo lilikuwa limeshajaa, konda anapigapiga bati, na Editha alikuwa ameshaweka mguu mlangoni alipogeuka.

"Wifi," akasema, "nikifa mimi, usije kulala. Njoo mchana."

"Ego," nikaitikia, yaani ndiyo.

Gari likaondoka. Ni kiangazi tena sasa, na picha ya moyo niliyopiga majuzi inasema naendelea vizuri. Mpaka leo sijajua kama pale stendi wifi yangu alikuwa ananisamehe au ananifungia mlango. Naogopa kumuuliza.